Nyuma ya Bahasha ya Umeme

Shule zimefungwa jana. Coventry ina joto la kutiliwa shaka,
nami nimekaa mezani na kalamu ya Mwajabu, wino wa zambarau,
nimegeuza bahasha ya bili ya umeme
upande usio na deni.
Wiki sita. Watoto watatu.
Mlo wa mchana uliokuwa wa shule
sasa ni wangu.

Naandika: Jumatatu.
Kisha nasita, kama mtahiniwa aliyesoma sura nyingine.
Zuwena yuko juu, amelala; amekesha akigeuza wagonjwa,
akiamka atakula chochote, mradi asikipike yeye.
Hilo ndilo sharti lake pekee. Nimelipigia mstari.

Basi Jumatatu: samaki wa kopo, limau, kachumbari, mkate.
Jiko lisiwashwe.
Dirisha la jikoni kwetu lilipakwa rangi likiwa limefungwa,
halijafunguka tangu hapo;
ukibandika maharage humo, wa kwanza kuiva ni wewe.
Jumanne: wali wa nazi, upikwe usiku, ulale.
Jumatano: wali ule ule, na yai.
Namsikia mama, kutoka Wete, akicheka puani:
Faki mwanangu, huo ni mpango au kiporo?
Kiporo, mama.
Kiporo kilichopangwa.

Ijumaa: jibini, matango, viazi vya kuchemsha.
Alhamisi nimeiruka.
Si kwa hekima. Nilikuwa nabisha na Kombo,
miaka kumi na minne, aliyesoma begani mwangu
akaondoka na ndizi mbili na ile jibini ya Ijumaa.
Mtoto huyu hali, anahamisha.
Mwajabu naye hagusi nyanya iliyogusa wali.
Shaame anataka makaroni.
Meupe. Makavu. Kila siku ya Mungu.

Na jua hili! Nani apange chakula cha jioni
mahali ambapo jioni haiji?
Saa mbili na nusu usiku nasimama mlangoni nawaita,
wananijibu kutoka mwisho wa mtaa, "Bado mchana!"
na siwezi kusema wanadanganya.
Hata magharibi hapa inachelewa,
kama mgeni aliyeachwa na treni.
Nafunika sahani kwa sahani. Nasubiri.

Ikafika Alhamisi, haina jina.
Kwenye friji: karoti nne, nazi nusu kopo,
na limau lililosinyaa kama sikio la babu.
Ndipo Pauline, jirani, akapitisha mkono juu ya uzio,
mamung'unye saba, membamba, ya kijani, yana udongo bado.
"Chukua, Faki. Nikilala tu yanaongezeka."

Sikujua yanaanzia wapi.
Mwajabu akayakata kwa kisu cha siagi,
vipande vingine kama sarafu, vingine kama sabuni.
Kombo akawasha uani ile trei ya mkaa ya pauni mbili,
akaipepea kwa kitabu cha hesabu,
na kwa mara ya kwanza mwaka huu sikumkataza.
Chumvi. Limau la babu. Nazi juu yake, ikachuruzika, ikalia motoni.
Pauline akaja na kiti chake mwenyewe.

Zuwena akashuka na kanga, jicho moja bado liko usingizini.
"Nani kapika?"
Tukatazamana.
"Kimejipika," akasema Shaame,
mdomo mweusi kwa masizi, mkononi kipande cha tatu,
makaroni hakuyataja.
Zuwena akala kwa kusimama, akaongeza, akakaa.
Jua likatukuta pale pale, nalo halina haraka.

Nimeosha vyombo. Bahasha ina mafuta,
wino wa zambarau umevimba, Jumatatu imeingia Jumanne.
Pale palipokuwa pengo mtu amechora mamung'unye lenye miguu.
Bili yenyewe bado imo ndani, sijaifungua.
Na kesho ni Ijumaa,
na jibini hakuna.